Koo Ndilo Linaloandika Orodha

(Mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wa muziki, Mji Mkongwe, Unguja. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila vicheko, na ile mara umeme ulipokatika tukangoja jenereta.)

Assalamu alaykum. Mwenyekiti, wakubwa zangu mliokaa viti vya mbele, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma na magitaa mapajani, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Mimi si mwanamuziki. Ni fundi mitambo. Miaka thelathini na kitu nimekaa nyuma ya mixa nikiwafungulia watu maiki na kuwafungia, na kazi hii ina siri moja ambayo wengi hawaijui. Fundi ndiye mtu pekee ukumbini anayeweza kumsikia mwimbaji akiwa peke yake. Unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe, ala zote zinapotea, unabaki na yeye na pumzi zake. Unamsikia anavyomeza mate kabla ya ubeti wa tatu. Unamsikia anavyokohoa kwa ndani, asitambue mtu. Haya nitakayosema leo yote nimeyapata kwenye kitufe hicho.

Nimeitwa kwa sababu ya ugomvi. Vijana wawili wa kikundi hiki, wapo hapa, sitawataja, walikaribia kurushiana vikombe vya kahawa barazani kwetu Malindi. Haikuwa siasa, wala Simba na Yanga. Walikuwa wakigombania bendi ya Waingereza ambao mdogo wao angeweza kuwa babu yao. Hao ni Iron Maiden. Mmoja anasema safari hii wamepiga nyimbo zinazotakiwa. Mwengine anasema wamekuwa waoga, wanauza kumbukumbu tu. Na mimi nilipotia neno, wote wawili wakanigeukia.

Mtu anayedhani Zanzibar hakuna wapenzi wa hevi metali hajapita barazani kwetu. Tuko saba. Wa nane alihamia Oman, lakini bado anatupigia simu tugombane. (Najua pia mnangoja nimtaje Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Alizaliwa hapa mwaka 1946. Nimeshamtaja. Tuendelee.)

Kwanza niwaambie nilivyoingia mimi, maana inahusika.

Ami yangu alikuwa baharia. Safari moja alirudi na kaseti kumi hivi kafunga kwenye taulo, na moja ilikuwa na piramidi kwenye gamba lake, na masanamu ya Misri, na ngazi. Baba yangu alipoona Misri akafurahi. Nyumbani kwetu Misri maana yake ni mwimbaji wao Umm Kulthum. Akaichukua ile kaseti, akaketi vizuri, akaitia kwenye redio na kuongeza sauti, kama alivyokuwa akifanya kila Ijumaa jioni. Ile kaseti ilikuwa Powerslave, albamu ya Iron Maiden ya 1984, na wimbo wa kwanza ni Aces High, habari za marubani wa Kiingereza wa vita vya 1940. Huo wimbo huanza kwa kasi na huzidi kwenda kasi.

Baba alisikiliza kama nusu dakika. Akauliza, "Hawa wanagombana?" Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akalichukua lile gamba, akalitazama kwa karibu lile sanamu kubwa lililokaa katikati ya piramidi. Akasema, "Huyu si Umm Kulthum. Huyu Firauni." Na kweli ni Firauni. Kaseti ikapigwa marufuku sebuleni. Mimi nikaichukua nikawa naisikiliza darini kwa sauti ya chini, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule nasikia pia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Upande wa pili wa kaseti, mwisho kabisa, kuna wimbo wa dakika kumi na tatu na zaidi, umetolewa kwenye shairi la zamani la Coleridge, Mwingereza. Baharia anampiga ndege kwa mshale, upepo unakufa, chombo kinasimama katikati ya bahari, watu wanakufa kwa kiu huku wamezungukwa na maji. Nani atamfasiria hilo mtoto wa Malindi? Ami yangu alipousikia alinyamaza mpaka ulipokwisha, kisha akasema upepo ukikata namna ile, watu huanza kutazamana vibaya siku ya pili tu. Sijui kama alikuwa akisimulia wimbo au akisimulia yake.

Haya, sasa ugomvi wenyewe.

Bendi hii iliundwa na Steve Harris, mpiga besi, London, siku ya Krismasi mwaka 1975. Wamerekodi albamu kumi na saba. Wakipanda jukwaani hupiga nyimbo kumi na tano, kumi na saba, basi. Kwa hiyo kila ziara mtu mmoja lazima arudi nyumbani wimbo wake haukupigwa. Hilo halina dawa.

Mwaka 2023 walipoanza ziara kule Ljubljana walifanya jambo ambalo wakongwe hawalifanyi. Waliziacha nje The Number of the Beast, Run to the Hills na Hallowed Be Thy Name, nyimbo ambazo mtu asiyewajua hata kidogo huenda anazijua. Badala yake wakatia nyimbo tano za albamu yao mpya, Senjutsu ya 2021, na nyingi za albamu ya 1986. Wakatia na wimbo wa Alexander Mkuu, ambao ulikuwa umekaa kwenye santuri miaka 37 bila ya kupigwa jukwaani hata mara moja. Miaka 37! Wapo watu walioutaka tangu hawajaota ndevu, wakaupata wana wajukuu.

Na walilalamikiwa. Mtu katoa pesa zake, kamchukua mwanawe aje asikie zile nyimbo alizomsimulia, hazimo. Si mara ya kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2006 walitoka na albamu mpya wakaipiga yote, wimbo kwa wimbo, kabla hawajagusa ya zamani. Watu walitoka wakinung'unika.

Kisha 2025, wakisherehekea miaka hamsini, wakageuza meli. Ziara ilianzia Budapest mwezi wa Mei, na orodha yote ya nyimbo kumi na saba ni za albamu tisa za mwanzo, kuanzia 1980 mpaka 1992. Hakuna hata moja iliyotungwa baada ya hapo. Na ule wimbo wa baharia, ambao hawakuupiga tangu 2009, ukarudi.

Barazani kwetu tuliutazama kwenye simu ya mmoja wetu, simu yenyewe kioo kimepasuka pembeni, imesimamishwa juu ya birika la kahawa. Meneja wao alikuwa amewaomba watu waziweke simu chini watazame kwa macho yao. Ombi zuri, naliunga mkono. Lakini lau wangelitii wote, sisi saba wa Malindi tungeona nini?

Ulipoanza wimbo wa baharia sikusema kitu. Nilikuwa darini. Lakini ulipomalizika nikawaambia wenzangu: orodha ya 2023 ilikuwa bora. Hapo ndipo vikombe vilipotaka kuruka. Nilisema hivyo na bado nasema. Bendi inayoweza kujaza uwanja kwa nyimbo kumi anazozijua kila mtu, ikaziacha, ikasimama mbele ya watu na wimbo ambao haijawahi kuujaribu, hiyo bado ina njaa. Ya 2025 ilinifurahisha zaidi. Kufurahishwa na kusema hii ni bora ni mambo mawili.

Lakini hilo ni la ladha, na ladha haina hakimu. Lililonileta hapa ni jengine. Wale vijana wawili, na mimi mwenyewe kwa saa nzima, tulikuwa tukigombana kama kwamba orodha ya nyimbo ni menyu ya Forodhani, unaonyesha kidole, huu, na huu, na ule, toa huo. Tukasahau kuwa kuna mtu wa kuziimba.

Mwimbaji wao ni Bruce Dickinson. Kazaliwa Agosti 1958. Mwaka 2015 alitibiwa saratani iliyokuwa na uvimbe nyuma ya ulimi, akapona, akarudi jukwaani. Sasa fikirini, mtu aliyekwisha timiza miaka sitini na sita, ulimi wake umepita kwenye mionzi, anakimbia jukwaani huku na huku saa mbili, na anatakiwa apande sauti ile ile aliyoipanda akiwa na miaka ishirini na nne.

Haya, chukueni orodha ya 2025 muisome kwa masikio ya fundi. Nyimbo nne za mwanzo, zote nne, ni za albamu mbili za kwanza. Albamu hizo Dickinson hakuimba yeye. Aliimba Paul Di'Anno, aliyefariki Oktoba 2024, na Di'Anno sauti yake ilikuwa ya mtaani, ya kifua, haikuwa ya kupaa. Wapenzi wakasema, ah, wanamuenzi marehemu. Wengine wakasema wanafuata mpangilio wa miaka. Inawezekana yote mawili. Mimi sikumuuliza mtu. Lakini nilipoona hivyo nilicheka peke yangu, kwa sababu nimeiona hila hiyo mara mia kwenye kumbi zetu. Yule bwana alikuwa akipasha koo moto! Anaimba nyimbo nne zisizomtaka apae, damu inashuka shingoni, pumzi zinakaa sawa, na ndipo wa tano unakuja The Number of the Beast, wenye ule ukelele wake maarufu mwanzoni. Angeuanza na huo koo likiwa bado baridi, wimbo wa kumi angekuwa anaongea.

Na Aces High, ule uliomtoa mama jikoni? Fuateni njia yake. Kwenye kaseti ndio wa kwanza. Mwaka 2018 bado walifungua nao onyesho, na ni wimbo wa kikatili kuufungulia, unapaa tangu ubeti wa kwanza. Mwaka 2025 umewekwa baada ya mapumziko, wameshatoka jukwaani, taa zimezimwa, hotuba ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wa vita vile, inasikika kwenye spika. Watu wanashangilia hotuba. Mimi nahesabu: huyu sasa hivi anakunywa maji, kakaa kwenye boksi la waya, hasemi na mtu. Kisha anatoka.

Wapiga ala nao wana miili. Nicko McBrain alipigia dramu bendi hii tangu mwisho wa 1982. Januari 2023 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi kuanzia bega. Mwezi wa Mei alikuwa jukwaani. Miezi minne! Mwenyewe alisema hadharani kwamba baadhi ya mapigo ya haraka hayamtoki tena. Yule kijana wetu anayesema "wamepoa, wamepunguza kasi" alikuwa akimsema mtu aliyejifunza upya kuunyanyua mkono wake. Desemba 2024 akapiga onyesho lake la mwisho São Paulo, akaacha ziara, na nafasi yake akaichukua Simon Dawson. Ndio maana 2025 baadhi ya nyimbo zimechangamka tena, na ndio maana wazee wa baraza wakaanza ugomvi mwengine, kwamba Dawson hana mtikisiko wa Nicko. Mashabiki hatushibi.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kiwandani akiwa na miaka kumi na saba, na yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vile ndivyo vidole vinavyobana nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akazilegeza nyuzi zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inashuka chini, inakuwa nzito. Nusu ya muziki huu mnaoupenda umetoka kwenye maumivu ya vidole viwili. Na Julai 2025, Birmingham, mwimbaji wao Ozzy Osbourne alipoaga na Sabbath, aliimba nyimbo nne akiwa amekaa kwenye kiti. Kuna mtu aliniambia "nne tu?" Baada ya siku kumi na saba Ozzy akafariki. Sikumjibu yule mtu, na sikutaka kumjibu.

Sasa turudi nyumbani, maana naona wapenzi wa taarab huko mbele wanaanza kuangalia saa.

Haya mambo si mageni kwetu hata kidogo. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Ugomvi wa nyimbo zipi zipigwe na zipi zimepitwa umekuwepo kabla hata gitaa la umeme halijatengenezwa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani ya santuri ya wakati ule upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo ukakatwa uingie. Walioununua wakaujua kwa dakika tatu. Mtu aliyezoea wimbo wa jukwaani, unaorudiwa ubeti mpaka waliokuja kutunza, kumpa mwimbaji noti zao, wamekwisha kupita, akiisikia santuri ataona umekatwa mkia. Ugomvi wa "kwenye rekodi si hivi" ulizaliwa siku hiyo, kama haukuzaliwa kabla.

Tofauti yetu na wale ni hii: wao, aghlabu, orodha ya siku ya kwanza ndiyo ya siku ya mwisho, kwa sababu kila wimbo umefungamana na picha za kwenye skrini, taa, moto, na watu wa mitambo walioambiwa sekunde ngapi wafanye nini. Ukibadilisha wimbo mmoja unabadilisha kazi ya watu darzeni. Kwetu, bibi mmoja akinyanyuka na noti yake kaiinua juu, anakuja anatikisa mabega, ubeti unaomchoma mtu fulani aliyekaa safu ya tatu unarudiwa mara tano. Kwetu orodha inaandikwa na koo, lakini inafutwa na mtunzaji.

Nina kisa kimoja, kisha nikae.

Kulikuwa na mwimbaji wetu mmoja, bibi mtu mzima, simtaji kwa jina. Alikuwa na wimbo wake ambao watu hawamwachii aondoke bila ya kuuimba. Jioni moja, kabla ya onyesho, alinijia kwenye mixa na kikombe cha tangawizi. Akaniambia, "Mwanangu, ule wimbo wameniandika wa kwanza. Nenda kawaambie koo langu halijafunguka. Wauweke wa mwisho. Na waushushe sauti moja."

Wa mwisho ni rahisi. Kushusha, yaani wimbo mzima upigwe kwa sauti nene zaidi, ndiko kwenye kazi. Kwa mpiga kodiani si neno. Kwa kanuni, yenye nyuzi sabini na ushei, si jambo la kuambiwa wakati watu wameshakaa. Mpiga kanuni alinitazama kama nimemtukana mamake. Akasema, "Saa hii?" Kisha akakaa pembeni, akainamia ala yake, akatafuta njia ya kuupiga kutoka mahali pengine, vidole vinakwenda kimya kimya juu ya nyuzi, jasho linamdondokea kanzuni. Watu ukumbini wakidhani anasali.

Ukafika. Bashraf fupi, ule utangulizi wa ala tupu, kisha bibi akaanza. Nikabonyeza kile kitufe, nikabaki naye. Ubeti wa pili sauti ilitaka kupasuka, akaikamata kwa pumzi ya pembeni, haraka, huwezi kuisikia bila ya hedifoni. Ubeti wa tatu akaachia. Watu wakanyanyuka na noti zao.

Usiku, nje kwenye ngazi, ugomvi. Hawa wanasema bibi kaisha, anaimba kwa jina tu. Wale wanasema hawajamsikia akiimba vizuri namna ile tangu wapate akili. Mwengine anasema bendi ilikuwa nzito, mwengine anasema spika, na akanitazama mimi. Nusu saa nzima, na hakuna hata mmoja aliyetaja lililotokea.

Muuza kahawa alikuwa pale pale kachuchumaa, makaa yake yanakaribia kuzima, anakusanya vikombe. Mzee yule aliuza kahawa mbele ya kumbi zile tangu mimi skuli. Nilipomrudishia kikombe changu hakuninyanyulia hata macho.

"Leo mmeushusha," akasema.